Mpira Mmoja wa Maji



Jumatatu ya juma hili alitujia kijana mmoja akiwa na orodha ya vipuri mkononi. Yeye na wenzake wawili wameweka kitanda na jiko ndani ya Land Cruiser ya dizeli, nao wanakusudia kuzunguka Zambia na Botswana kwa majuma sita, wakilala garini. Orodha ilikuwa ya kutisha: alteneta, stata, shokapu nne, klachi pleti. Tukamwuliza, "Na mipira ya maji ya injini iko wapi?" Akatabasamu. "Padri, mpira si unapatikana popote?"

Mwaka 2014 nasi tulikuwa na jibu hilo hilo. Lilitugharimu kitu ambacho hakiuzwi katika duka lolote la spea.

Mwaka ule tuliondoka Mbeya pamoja na dereva wetu kwa gari la aina hiyo hiyo, lenye injini ya 1HZ ya silinda sita, na nyuma yake kitanda, tangi la maji na jiko la gesi. Tulitaka kufika hadi Livingstone, lakini kituo cha kwanza kilikuwa Kapiri Mposhi, nyumbani kwa mjomba wetu. Mjomba alikwenda huko akiwa kijana, katika ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, iliyoanza kujengwa mwaka 1970. Kazi ilipokwisha hakurudi. Akaoa huko, akazeekea huko. Sasa alikuwa mgonjwa, naye alikuwa ametuagiza tusikawie.

Sanduku letu la vipuri lilihitaji watu wawili kulinyanyua, nasi tulijivunia uzito wake. Tulivuka mpaka wa Tunduma na Nakonde salama, tukaipita Chinsali. Tulipokuwa tukiikaribia Mpika, mshale wa joto la injini ulianza kupanda, kisha ukashuka wenyewe. Tulifurahi. Hatukujua kwamba kipimo kile husoma joto la maji yanayokigusa. Maji yakiisha, kinabaki kikigusa hewa, na mshale waweza kushuka wakati injini inaungua. Mpira mdogo wa maji, ulio nyuma ya injini mahali ambapo jicho halifiki, ulikuwa umepasuka kwa uzee. Hadi gari lilipopoteza nguvu, gasketi ya silinda hedi ilikwisha kuungua.

Mpika tulimpata fundi aliyejua Kiswahili, kwa miaka mingi ya kutengeneza malori yatokayo Dar es Salaam. Alifungua sanduku letu, akapanga vyuma vyote chini juu ya turubai, akavitazama kwa muda. "Bwana mkubwa," alisema, "chuma kingi, mpira hakuna."

Gasketi iliagizwa kutoka Lusaka ije kwa basi. Ilituchukua siku tatu. Mtauliza, mbona hatukuliacha gari tukapanda basi? Swali hilo tumejiuliza mara nyingi kuliko ninyi. Kila asubuhi tuliambiwa kwamba gasketi inafika leo, na kila asubuhi tuliona uchungu kuliacha gari na mali iliyomo. Tulilinda sanduku lisilotusaidia.

Tulifika Kapiri Mposhi jioni ya siku ya nne. Mjomba alikuwa amefariki usiku uliotangulia. Mjane wake alitushika mkono, akasema, "Mwanangu, jana aliuliza mmefika wapi. Nikamwambia mko Mpika, mnangoja spea."

Tangu siku ile, kila kipuri tunachotaka kukibeba tunakiuliza maswali matatu. Kwanza: kikiharibika, je, gari litasimama? Shokapu ikivuja, mtakwenda polepole nanyi mtafika. Mpira wa maji ukipasuka, hamfiki. Pili: je, kinapatikana njiani kwa siku moja? Matairi ya malori yapo kila mji wa barabara kuu. Mpira wenye mkunjo wa injini yako huenda usiwepo. Tatu: je, kinaweza kufungwa kando ya barabara, kwa zana mlizo nazo? Beringi za magurudumu ya mbele za gari hili ni mfano mzuri. Nati yake hutaka soketi ya milimita 54, ambayo si kila fundi wa njiani anayo. Beringi pasipo soketi hiyo ni mzigo tu.

Baada ya maswali hayo, vinavyobaki ni vichache na vyepesi: mipira yote ya maji pamoja na klipu zake, feni belti, filta mbili za dizeli, kwa kuwa dizeli ya mapipani huweza kuwa na maji na uchafu, beringi za mbele, sili zake na grisi, fyuzi, balbu na waya, mafuta ya injini, na maji safi lita 10. Mkanda wa taimingi haumo, kwa sababu ukikatika, injini tayari imeumia. Huo hubadilishwa nyumbani, kabla ya safari.

Upande wa nyumba iliyo ndani ya gari, bebeni pampu ya akiba ya volti 12, maana pampu hizi huungua zikizunguka hali tangi ni tupu. Bebeni pia regulata na mpira wa gesi, kwani vichwa vya mitungi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Na namba ya chesisi iandikwe kwenye karatasi, ili mwenye duka wa mbali akipigiwa simu asibahatishe.

Tena lipo jambo ambalo fundi wa Mpika alitufundisha, nasi tunalishika hadi leo: funga kipya, beba cha zamani. Ukinunua belti mpya, ifunge wewe mwenyewe kabla ya kuondoka, na ile ya zamani, kama bado ni nzima, iweke sandukuni. Hivyo utakuwa na hakika kwamba mpya inaingia, kwamba spana unazo, na kwamba mikono yako inaijua kazi. Kipuri ambacho hakijapata kutoka katika boksi lake ni ahadi ambayo hakuna aliyeijaribu.

Alhamisi kijana yule alirudi. Shokapu na klachi pleti amezirudisha dukani. Amebadilisha mipira yote kwa mikono yake, na ile ya zamani ameifunga katika mfuko wa nailoni. Aliutoa mmoja, mfupi, unaozidi kidogo urefu wa kiganja, akauliza, "Padri, ule wa Mpika ulikuwa kama huu?"

Tuliushika kwa muda kabla ya kumjibu. Ndiyo, ulikuwa kama huo.

Tukutane juma lijalo.