Mafiga Matatu ya Kawi

Wahenga walinena kuwa figa moja haliinjiki chungu. Methali hii hutumiwa sana kuhimiza umoja, lakini yupo mtafiti mmoja wa masuala ya kawi ambaye kila akiitafakari huona kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya kazi yake. Alisomea uhandisi wa umeme. Alifunzwa kuhesabu megawati, kupima nguvu za maji na kukadiria umeme unaopotea njiani unaposafirishwa. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyosonga, ndivyo alivyozidi kuamini kuwa chungu cha maendeleo huinjikwa juu ya mafiga matatu: teknolojia, sera na jamii. Likikosekana moja, chungu hupinduka. Na anayeungua si mhandisi wala waziri, bali ni yule aliyeketi karibu na moto.

Figa la teknolojia nchini Kenya ni imara. Katika mto Tana kulijengwa msururu wa mabwawa: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa muda mrefu taifa liliutegemea mto huo kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Ukame ulipobisha hodi mwaka wa 1999 na 2000, maji yalipungua mabwawani na umeme ukawa wa mgao. Wakati huo, kule Olkaria karibu na Naivasha, mitambo ya mvuke wa ardhini iliyoanza kazi mwaka wa 1981 kwa megawati 15 tu haikujali kama mvua imenyesha au la. Leo mvuke huo ndio chanzo kikuu cha umeme wa Kenya. Mtafiti huyu huona fahari kubwa katika jambo hili, kwani si kila nchi iliyojaliwa moto chini ya ardhi imeweza kuufanya uwashe taa.

Figa la pili ni sera. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2006 iliunda mamlaka maalumu ya kusambaza umeme mashambani, na mwaka wa 2019 ikapitishwa sheria mpya iliyochukua mahali pake. Nyaya zilisambaa na nguzo zikasimama hata vijijini. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa takriban nusu ya kaya zote, yaani asilimia 50.4, zilitumia umeme wa gridi kwa mwangaza. Lakini sensa iyo hiyo ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya kaya zilipika kwa kuni na asilimia 11.6 kwa makaa, ilhali zilizopika kwa umeme hazikufika hata asilimia moja. Takwimu za taa hutajwa majukwaani. Za jiko husalia kwenye majedwali.

Siku moja, katika utafiti wake mashambani, aliingia katika jiko la mama mmoja mzee. Juu palining'inia balbu. Chini palikuwa na mafiga na kuni mbichi. Alipomuuliza kama stima imembadilishia maisha, mama yule alipangusa macho kwa ncha ya leso, akasema, "Imebadilisha, mwanangu. Zamani moshi nilikuwa nauvuta tu. Sasa nauona pia." Mtafiti hakuwa na safu ya kulijazia jibu hilo katika hojaji yake. Alilinakili pembeni.

Tangu hapo huzitazama kodi kwa jicho la jikoni. Mnamo Septemba 2018, mafuta taa yalitozwa ada ya shilingi 18 kwa lita ili kuwazuia waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Mwaka wa 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kabla ya kupunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata. Kila hatua ilikuwa na sababu zake katika vitabu vya hazina. Lakini mtu anayenunua kawi ya leo kwa pesa za leo hawezi kungoja mwaka uliofuata. Hurudi msituni kutafuta kuni.

Figa la tatu, jamii, ndilo husahaulika upesi, ingawa ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Mfano bora ni jiko la makaa lenye kiuno chembamba na bitana ya udongo ndani yake, lililoenea nchini kuanzia miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana kwa kiasi fulani na majiko ya Thailand, lakini halikuletwa likiwa limekamilika. Mafundi wa jua kali walilifua kwa mabati waliyoyazoea, wafinyanzi wakachoma udongo wao, nao wapishi wakasema ni wapi sufuria inayumba wanaposonga ugali. Jiko hilo likapunguza makaa yanayotumika, likauzwa sokoni bila kulazimishwa mtu.

Kinyume chake ni mradi wa upepo karibu na Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Teknolojia yake ni ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, wenyeji walikwenda mahakamani kuhusu ardhi, na mwaka wa 2021 mahakama ikaamua kuwa hatimiliki zilipatikana bila kufuata utaratibu wa kisheria. Upepo haukukosekana, kilichokosekana ni mazungumzo.

Na mazungumzo yanahitaji lugha. Katiba ya mwaka wa 2010 iliagiza wananchi washirikishwe, na ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Je, mama yule atashirikije iwapo rasimu ya sera inayogusa jiko lake imeandikwa kwa lugha asiyoisoma? Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika kando ya mhandisi: kufasiri, kusanifu istilahi, na kuyarudisha mezani majibu yaliyonakiliwa pembeni. Mtafiti huyu sasa ameongeza katika hojaji yake safu moja pana, isiyo na nambari, kwa maneno ya wapishi wenyewe.