Kimya cha kifua

Nyumbani kwetu Panda, hapa Likasi, hatuna jina moja la sauti ya kifua cha nkambo. Mama husema kinapiga filimbi. Jirani husema kinakoroma. Wote wako sahihi. Filimbi hutoka katika njia za hewa zilizobana, mkoromo mara nyingi katika makohozi ya njia pana.

Mfaransa Laennec, aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, naye alihangaika na maneno. Aliziita sauti hizo "râle", lakini mbele ya mgonjwa alitumia neno la Kilatini, "rhonchus", kwa kuwa katika "râle" watu walisikia mkoromo wa anayekata roho.

Nkambo ana ugonjwa sugu wa mapafu. Akivuta salbutamol kwa pompi, misuli inayobana njia za hewa hulegea, na baada ya dakika chache filimbi hupungua. Zamani tulishangilia kimya chochote. Muuguzi akatufundisha kukisoma: akiongea sentensi nzima, dawa imefanya kazi. Akishindwa kumaliza hata maneno mawili, kimya hicho ni hatari; hewa inayopita ni kidogo mno hata haiwezi kupiga filimbi. Hapo ni kukimbilia hospitali, na filimbi ikirudi baada ya dawa, huenda ni habari njema.

Kwa hiyo usiku hatuulizi tena kama kifua kinalia. Tunamwomba nkambo atusimulie siku yake, nasi tunahesabu maneno kati ya pumzi na pumzi.