Usiiache Fizikia

Handeni

Mwanangu,

Magoti ya baba yako yamepata nafuu, na mahindi si haba.

Nimesikia kwa watu watokao Korogwe kwamba ukiingia kidato cha tatu unaacha Fizikia, eti ni somo la maabara, nyumbani halina kazi. Mtungi wa bibi yako unapoza maji kwa nini? Maji hupenya udongoni, hutoka nje kama jasho, na yakigeuka mvuke huondoka na joto la yaliyobaki ndani. Upake rangi ya mafuta uone kama utapoza tena.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu mwaka 1963, Magamba Sekondari, huko Lushoto tunakopanda kutokea Mombo. Wavulana walikuwa wakichemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayatia kwenye friza wapate aiskrimu. Siku moja nafasi ikawa inaisha, Mpemba akayatia ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yameganda, ya mwenzake ambaye hakuchemsha bado ni uji mzito. Akamuuliza mwalimu kwa nini ya moto yametangulia kuganda, akaambiwa amechanganyikiwa. Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa. Akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza lilelile. Huyo alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala wote wawili. Wanasayansi bado wanabishana, wengine wamepima wasilione jambo hilo kabisa. Hata hivyo, duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba, na lilianzia kwenye sufuria ya maziwa. Wewe unasema somo hili nyumbani halina kazi!

Mimi niliachishwa Fizikia, nikaambiwa wasichana wakasome upishi, ilhali nilikuwa nawapita kaka zangu wote, baba yako akiwemo. Muulize. Jambo hilo halijanitoka moyoni, na sipendi wewe uliache kwa hiari somo nililonyang'anywa.

 

Fomu ya masomo usiijaze bado. Kwanza mwulize mwalimu wako kwa nini mwiko hauunguzi mkono na kijiko cha chuma kinaunguza, kisha unipigie simu Jumapili tuzungumze.

Shangazi yako