Upande Usiopigwa Picha

Ushuhuda niliouzoea tangu utotoni una njia yake: mtu anasimama mbele ya watu, anaanza na pombe au waganga, anamalizia na amani. Wangu hauna pombe. Una gundi, msasa, vifuniko vya soda, na vyombo vya anga ambavyo havijawahi kuruka. Nautoa kwa sababu umebadilisha namna ninavyofanya kazi, na kazi ndiyo inayowalisha watoto wangu.

Mimi ni fundi wa makochi hapa Gungu, Kigoma. Kochi la bei ya kawaida lina siri ambayo kila fundi anaijua na kila mteja ameikubali: mbele velveti, mgongoni kiroba. Mteja akiwa mkali, mgongoni unapigiliwa kitambaa cheusi chepesi, kile kinachochanika ukikigusa na ufunguo. Kochi litaegeshwa ukutani, mgongo atauona nani? Panya. Nililelewa katika elimu hiyo na mjomba aliyenifundisha kushika nyundo, na sijawahi kuiita udanganyifu. Hata leo siiiti hivyo. Ni bei tu.

Vyombo vya anga viliniingia kwenye kibanda cha video, miaka ya tisini, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi tukitazama kanda zilizotafsiriwa na kina Lufufu, na nyingine zisizotafsiriwa kabisa ila tulizielewa hivyo hivyo. Wakati huo watoto wote wa huku tulikuwa tunachonga boti kwa ndala kuukuu, tanga la mfuko wa rambo, tunazishindanisha kwenye mitaro mvua ikinyesha. Baada ya Star Wars, ndala zangu zikaota mabawa. Zilizama vizuri tu kama nyingine.

Nikakua, nikaacha. Kilichonirudisha ni simu. Kwenye kioo kile kidogo niliweza kusimamisha picha, kuikuza, kuhesabu mabomba kwenye tumbo la chombo. Nikaanza tena, usiku, baada ya kufunga karakana: bomba la maji la plastiki, makopo ya dawa, biki zilizokwisha wino, saketi za redio zilizokufa. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama kwa muda, kisha akasema, "Baba Asha, hicho ni cha kuuza au ni cha kuchezea?" Sikuwa na jibu, nikaendelea kupiga msasa.

Nilikuwa nikiamini kwamba mabingwa wa Marekani walitengeneza vyombo vile vya sinema kwa mashine ambazo fundi wa Gungu hataziona maishani. Halafu nikajua ukweli. Mwaka 1975, kwenye jengo moja la Van Nuys, California, vijana walioajiriwa kutengeneza vyombo vya Star Wars walinunua maboksi kwa maboksi ya vifaa vya kuchezea vya plastiki, vile vya kuunganisha kifaru, lori au ndege ya vita. Hawakuviunganisha. Walivunjavunja vipande, wakavibandika kwa gundi juu ya maumbo waliyotengeneza, wakapulizia rangi, wakachafua kwa makusudi ili chombo kionekane kimetumika. Mtambo wa ajabu uliokuwa ukininyima usingizi ulikuwa kipande cha kifaru. Nilicheka peke yangu karakanani. Walichokuwa nacho ndicho nilichokuwa nacho: mabaki, gundi na macho.

Lakini kilichonigeuza hasa ni chombo kingine, Enterprise ya tamthilia ya Star Trek. Modeli yake kubwa ilitengenezwa mwaka 1964 na Richard Datin pamoja na mafundi wa karakana moja ya Burbank. Ni ya mbao na plastiki, ina urefu wa kama meta 3.4. Ilipowekewa taa za ndani, nyaya ziliingilia ubavu wa kushoto, kwa hiyo kamera ikabaki kulia. Na kwa kuwa kamera ilibaki kulia, hakuna aliyejisumbua kuumalizia ubavu wa kushoto. Madirisha, alama na urembo wote viko upande mmoja. Kuanzia 1966 hadi 1969 watu walifuata safari za chombo kile kati ya nyota, nacho kilikuwa nusu chombo.

Nilisoma habari hizo nikiwa nimekalia kochi lenye kiroba mgongoni.

Tangu hapo sikutazama picha kwa macho yaleyale. Kila nikionyeshwa kitu, nilitaka kujua nyuma yake kuna nini. Nikaanza kufuatilia modeli zenyewe, zile zilizoshikwa na mikono ya mafundi wa kwanza, maana wanaozisaka wapo na kazi yao ni ya upelelezi kweli. Enterprise kubwa haikupotea, iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, tangu 1974. Iliyopotea ni ndogo yake, ya sentimeta 84 hivi, iliyotangulia kutengenezwa. Gene Roddenberry, mtunzi wa Star Trek, alikaa nayo mezani kwake, akaiazimisha mwishoni mwa miaka ya 1970 wakati filamu ya kwanza ikiandaliwa, isirudi. Zaidi ya miaka 40 watu wakiuliza. Mwaka 2023 ikaibuka ikiuzwa mtandaoni na mtu aliyeipata kwenye mali za stoo, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,000. Wajuzi wakailinganisha na picha za zamani, wakathibitisha, na Aprili 2024 ikakabidhiwa kwa mtoto wa Roddenberry.

Na ile modeli ya chombo cha X-wing, ya filamu ya Star Wars ya 1977? Ilikutwa ndani ya boksi, kwenye mali za Greg Jein, naye mwenyewe alikuwa bingwa wa kutengeneza modeli, aliyefariki mwaka 2022. Oktoba 2023 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3.1. Fedha hizo hazinishtui, labda kwa sababu ziko mbali mno na mfuko wangu. Kilichonigusa ni boksi. Mafundi tunajua kazi nzuri inakolala.

Katika kufuatafuata huko ndipo nikakutana na kitu kilichonisimamisha. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya iitwayo The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akaitengenezea filamu, sehemu yake ikipigwa Uganda na Kongo. Ndani yake kuna meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. Meli hiyo ya kubuni imechorwa kutokana na Graf von Götzen. Na Graf von Götzen ni Liemba, hii hii meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Kwenye filamu ikaigizwa na chombo kingine. Ile boti ndogo iliyobeba jina la filamu, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912, imefika hadi Florida na inapandwa na watalii. Mimi nasaka maboksi ya California kwenye simu, kumbe chombo kilichozaa meli ya sinema kilikuwa gatini Kigoma, ninapopita kwenda kununua dagaa.

Nikaamua kuichonga, kipimo cha moja kwa mia. Liemba ina meta 71 na kidogo, modeli ikawa sentimeta 71, inakaa vizuri kwenye benchi langu. Shida ikaanza mapema. Picha karibu zote nilizozipata zimepigwa kutoka nchi kavu. Ubavu wa gatini upo wa kila rangi na kila mwaka. Ubavu wa ziwani hakuna anayeujali.

Nikaenda Kibirizi, kijana mmoja mwenye boti ya injini akakubali kunipitisha nje ya ghuba kwa bei ya mafuta. Kupiga picha bandarini kuna taratibu zake, kwa hiyo nilibeba daftari na penseli. Nilichokiona hakikuwa kizuri. Kilikuwa kutu, michirizi, bamba zilizoshikwa kwa mistari na mistari ya ribiti za zamani, na hapa na pale rangi iliyopakwa juu ya rangi. Sijawahi kuona kitu kilichoeleza umri wake waziwazi hivyo. Nilichora mpaka kijana akaanza kulalamikia mafuta.

Michoro hiyo nikampelekea mzee mmoja wa Ujiji aliyewahi kufanya kazi melini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni Liemba ya mwaka gani?"

"Liemba yenyewe, mzee. Ya asili."

Akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaotaka kochi la mninga kwa bei ya paini. "Ipi? Ya mvuke au ya dizeli?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye masanduku 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ikaungwa upya hapa, ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasiiache kwa adui, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Hapo namwona fundi kabisa: anatii amri ya kuua, anahifadhi kazi. Waingereza wakaiinua 1924, na mitambo ikakutwa inafaa. Mei 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke ukatolewa ikawekwa dizeli, na miaka ya 1990 ikakarabatiwa tena. Kwa yule mzee, Liemba ya kweli ni ya 1997, iliporudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 Kongo, sitaha isionekane kwa watu. "Kama huchongi watu," alisema, "basi umechonga bati."

Sikuweza kuchonga watu. Nilichagua wiki za mwisho kabla ya kuzamishwa, mwaka 1916, na sababu yangu ni mzinga. Mbele ya Götzen ulikuwepo mzinga wa milimeta 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoishia Rufiji. Vita ya nchi kavu ilipozidi, ukang'olewa ukapelekwa jeshini, na mahali pake ukawekwa wa bandia, wa mbao. Kule Kasanga, enzi hizo Bismarckburg, ngome nayo ilikuwa na mizinga ya mbao, na kamanda wa Kiingereza Spicer-Simson aliitazama kutoka majini Juni ya mwaka huo asithubutu kusogea. Aliona mbele tu. Hakuna aliyempitisha nyuma.

Makochi yangu siku hizi nayafunga kitambaa kilekile pande zote, na naongeza bei. Wapo waliohamia kwa jirani, sikuwalaumu. Wapo wanaoweka kochi katikati ya sebule sasa, jambo ambalo Gungu si la kawaida, watoto wanapita nyuma wakikimbizana.

Modeli iko karibu kwisha. Bamba nimezikata kwenye ndoo ya plastiki, ribiti ni matone ya gundi niliyodondosha kwa bomba la sindano, milingoti ni spoku za baiskeli. Ubavu wa ziwani umenichukua muda mrefu kuliko wa gatini. Mzinga nimeuchonga kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye mguu wa kochi, na ndicho kitu pekee kwenye meli nzima ambacho hakijabadilishwa malighafi: mbao kwa mbao, bandia kwa bandia. Mke wangu ameuliza tena kama ni ya kuuza. Nimemwambia meli tunaweza kuzungumza, mzinga hapana.