Barua ya Kiwanda Isiyotufikia

Siku hizi pikipiki imeingia katika maisha yetu kama zamani ilivyoingia baiskeli. Yabeba mgonjwa kwenda hospitalini, yabeba magunia ya makaa na ya unga, yabeba mwalimu na katekista, na vijana wengi hupata riziki yao kwa taksi-moto. Twajua bei yake, twajua mafuta inayokunywa, twaitambua hata kwa sauti ingali mbali. Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui, nasi wenyewe hatukulijua mpaka lilipotuumiza: ya kuwa kiwanda kilichotengeneza pikipiki chaweza kuiita irudi, hata baada ya miaka mingi, kwa sababu kimegundua kosa ndani yake.

Miaka michache iliyopita tulinunua pikipiki huko Lubumbashi. Haikuwa mpya. Ililetwa kutoka Ulaya ndani ya kontena, pamoja na magodoro na friji kuukuu, na mfanyabiashara aliyetuuzia alikuwa na karatasi moja tu, ile ya forodha. Tulitazama rangi yake, tukaipiga teke, ikawaka mara ya kwanza. Hayo yakatutosha. Hatukuuliza ilikuwa ya nani, wala kwa nini mwenyewe aliiacha.

Kwa muda wa mwaka mzima ilitutumikia vema. Kisha siku moja, wakati wa mvua, tulikuwa tukishuka kilima kuelekea mtoni, mama wa nyumba yetu ameketi nyuma na mtoto mdogo mgongoni mwake. Tulipobana mkono wa breki ya mbele, ulikwenda wote mpaka ukagusa usukani, na mwendo haukupungua hata kidogo. Tukakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zetu zote, gurudumu likateleza, tukaangukia penye nyasi, hatua chache kabla ya daraja. Mtoto hakuumia. Mama alivunjika mkono wa kushoto.

Fundi wa njiani aliongeza mafuta ya breki, akabana mara kadhaa, mkono ukawa mgumu tena. "Ni hewa tu, Mwalimu," alituambia. Tukaamini, kwa kuwa tulitaka kuamini. Lakini moyo wetu ulikuwa umekwisha kuiogopa pikipiki ile. Baada ya miezi miwili tukaiuza kwa kijana mmoja aliyekuwa zamani mwanafunzi wetu, naye alitaka kuanza kazi ya taksi-moto. Alituuliza, "Mwalimu, haina ubaya?" Tukamjibu, "Imetengenezwa." Neno hilo halikuwa uongo mtupu, wala halikuwa kweli. Kwa fedha zake tulilipa minervali ya watoto.

Basi, Furere mmoja mzee anayetunza garaji ya misioni alisikia habari za mkono wa mama. Akatuuliza kama tulikuwa tumeandika mahali fulani namba ya shasi ya pikipiki ile. Tulikuwa nayo katika daftari letu, kwa desturi ya ualimu tu. Akaituma kwa rafiki yake Ulaya. Baada ya juma moja jibu likaja: kiwanda kilikuwa kimeziita pikipiki za aina ile zamani, kabla sisi hatujainunua ya kwetu, kwa sababu ya mpira mmoja mdogo ndani ya pampu ya breki iliyoko kwenye usukani. Mpira ule ulilegea, na mafuta yakapita pasipo kusukuma kitu. Barua ilikwisha kutumwa kwa mwenyewe wa kwanza. Lakini kwa namba yetu, kazi ya kubadili pampu haikufanywa hata siku moja.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza mambo ya miito hiyo ya viwanda, na yale tuliyojifunza yafaa kujulikana na kila mwenye pikipiki.

Zamani kiwanda kikiona kosa katika kazi yake, kiliweza kunyamaza. Huko Marekani mambo yaligeuka mwaka 1966, wakati Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria ya usalama wa magari. Mwaka mmoja kabla yake, 1965, mwanasheria kijana aitwaye Ralph Nader alikuwa ametoa kitabu kilichowashtaki watengenezaji wa magari, na watu wengi walikuwa wamekasirika. Sheria za huko, ambazo zahusu pikipiki pia, siku hizi zasema hivi: kiwanda kikitambua kosa linalohatarisha maisha, sharti kiijulishe serikali kabla ya siku 5 za kazi kupita, sharti kiwaandikie barua wenye vyombo, na sharti kiondoe kosa bila kudai malipo, mradi chombo hakijapita miaka 15 tangu kuuzwa mara ya kwanza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, habari za vitu vyenye hatari, vyombo vya barabarani pamoja navyo, hutangazwa kila juma. Na India, nchi itengenezayo pikipiki nyingi zinazotembea katika barabara za Afrika, ilibadili sheria yake mwaka 2019 ili serikali iweze kukiamuru kiwanda kuviita vyombo vyake.

Miito hiyo si ya pikipiki mbili tatu. Mwezi wa Mei mwaka 2021, Royal Enfield wa India waliita pikipiki 236,966 walizozitengeneza kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, kwa sababu ya koili ipelekayo moto kwenye buji. Wenyewe walikadiria kwamba zisizofikia moja katika kumi ndizo zingehitaji koili mpya. Hata hivyo waliziita zote, kwa maana hakuna awezaye kujua kwa kutazama kwa nje ni ipi yenye ubaya. Mwalimu akisikia kwamba kikombe kimoja kati ya kumi kina sumu, hatawaambia watoto wanywe na kubahatisha.

Kisa kingine kilitufundisha zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 2018, Harley-Davidson wa Marekani waliita pikipiki zao za miaka 2008 hadi 2011 zenye breki za kuzuia gurudumu lisijifunge. Katika Marekani peke yake zilikuwa 174,636. Serikali ilianza kuchunguza mwaka 2016, kwa kuwa waendeshaji walilalamika kwamba breki zilipotea ghafula. Sababu yake ilikuwa mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya maji ya hewani polepole, nayo yakikaa mno huharibika na kuacha uchafu. Kitabu cha pikipiki kiliagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na wengi hawakuyabadilisha. Uchafu ukaganda ndani ya vyombo vya breki, na breki ikakataa.

Twaweza kuuliza: kosa ni la nani? La mwenye pikipiki asiyesoma kitabu chake, au la kiwanda kilichotengeneza breki inayoweza kutoweka bila kutoa ishara? Kila mmoja angeweza kumnyoshea mwenzake kidole. Mwishowe pikipiki ziliitwa, na mafuta yakabadilishwa bila malipo. Uhai wa mtu hauwezi kungoja mpaka wawili wamalize kubishana. Ndivyo tunavyofahamu sisi maana ya mwito wa kiwanda. Si fedheha, wala si dalili kwamba pikipiki yote ni mbaya. Ni mtu anayesema, "Nilikosea hapa, njoo nitengeneze kabla hujaumia." Wahenga walikwisha kunena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini barua yafuata jina la mtu, nayo pikipiki yafuata fedha. Mwenyewe wa kwanza huiuza kwa wa pili, wa pili kwa mwenye kontena, mwenye kontena kwa mchuuzi, mchuuzi kwa mwalimu, mwalimu kwa kijana. Kila mkono hupokea fedha na kupitisha chombo, na barua hubaki sandukuni katika mji ambao hatutauona. Ajuaye kwamba pikipiki ina ubaya hayuko juu yake. Aliye juu yake hajui.

Usiku ule, baada ya kupata jibu la Furere, hatukulala. Twakiri mbele yenu kwamba shaka yetu ya kwanza haikuwa juu ya kijana. Ilikuwa juu ya fedha. Minervali ilikwisha kulipwa. Kama tukimwambia, je, hatadai arudishiwe? Tukaanza kujipa sababu: pengine mpira wake bado una nguvu, pengine amekwisha kumwona fundi mwingine, pengine amekwisha kuiuza. Tulipomweleza mama mambo hayo, alinyamaza kwanza, akiushika mkono wake ambao hadi leo haunyoki vizuri. Kisha akasema, "Baba, watu wa kiwanda waliandika barua kwa mtu wasiyemjua hata sura yake. Wewe wamjua kijana huyu tangu alipokuwa darasa la pili, na nyumba yake haifiki mwendo wa nusu saa. Wangoja posta gani?"

Hatukuwa na jibu. Asubuhi na mapema tulikwenda kwa miguu.

Tulimkuta akifuta pikipiki kwa kitambaa, tayari kwenda kuchukua watoto wa jirani na kuwapeleka shuleni, watatu kwa mara moja. Tukamweleza yote, hata neno lile "imetengenezwa" na jinsi tulivyolisema. Alisikiliza huku ameinama. Kisha akasema, "Mwalimu, nilidhani kosa ni la mkono wangu. Kila nikikaribia mteremko nabana mara tatu kwanza, ndipo inashika. Nimekwisha kuizoea."

Ndugu wasomaji, maneno hayo mawili ya mwisho yalitutisha kuliko kilima. Hivyo ndivyo hatari inavyokaa nasi nyumbani: twaizoea. Kijana yule alikuwa amejifunza desturi ya kuishi na breki mbovu, wala hakujua kwamba siku moja mtoto akikatiza barabara hapatakuwa na nafasi ya kubana mara tatu.

Siku ileile tuliisukuma pikipiki mpaka garaji ya misioni. Huku kwetu hapakuwa na wakala wa kiwanda kile, kwa hiyo kazi ambayo Ulaya ingekuwa bure, kwetu ilikuwa ya kulipa. Pampu mpya ilikawia majuma matano. Tulilipa sisi bei ya pampu, Furere akatoa kazi yake, na kijana akapoteza mapato ya siku zile zote. Baadaye tulimpa kidogo kidogo tulichoweza, naye hakutuhesabia deni. Alipoijaribu mara ya kwanza baada ya kutengenezwa, alirudi akicheka, akasema mkono wa breki sasa ni mgumu kama ubao.

Kutokana na hayo, twawaomba mfanye mambo machache yasiyo na gharama kubwa.

Kwanza, itazameni namba ya shasi, ambayo mara nyingi hugongwa kwenye chuma cha shingo, chini ya usukani. Pikipiki nyingi za siku hizi zina alama 17, tarakimu na herufi zikichanganyika, wala katika alama hizo hamtaona herufi I, O wala Q, ili zisidhaniwe kuwa moja au sifuri. Iandikeni katika daftari nyumbani. Kwa namba hiyo wakala, au ndugu mwenye simu yenye intaneti, aweza kuuliza kama pikipiki yenu iliitwa, na kama kazi ilifanywa.

Pili, mtu akiuza, auze pamoja na karatasi zote na habari zote. Asiyetaja ubaya auza pia ajali. Naye anayenunua asione haya kuuliza: Ilitoka wapi? Ilianguka lini? Nani alitengeneza nini?

Tatu, breki ikilegea, cheni ikikwaruza, usukani ukitikisika, harufu ya esansi ikisikika mahali pasipopasa, msiseme "nimekwisha kuizoea." Mafuta ya breki yawe mafuta ya breki, si mafuta mengine ya chupa yoyote, kwa maana mafuta yasiyofaa hula mipira. Nanyi vijana wa taksi-moto, mmoja wenu akigundua kosa katika pikipiki ya aina fulani, awaambie wenzake kituoni wenye aina ileile. Huo nao ni mwito wa kurudisha, ijapokuwa haukuandikwa na kiwanda.

Tena msifikiri kwamba mwito wa kiwanda waondoa wajibu wa dereva. Pampu mpya haitamwokoa anayekimbia kupita kiasi, anayepakia watu wanne, au aachaye kofia ya chuma nyumbani kwa sababu ya joto.

Kuhusu sisi, pikipiki ile twaiona karibu kila asubuhi ikipita mbele ya shule, na watoto nyuma yake. Siku hizi kijana huwachukua wawili tu, naye hutusalimu kwa honi. Mama akiwa uani husikia, akainua mkono, ule wa kulia.