Mita 34 Nilizozihesabu Mara Mbili

Mimi ni mthamini wa majengo, Dar es Salaam. Kuna nyumba moja ya Tabata niliyoithamini kwa ajili ya mkopo wa benki, nikaipandisha thamani kwa kosa ambalo mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi asingelifanya. Naliita kosa, ingawa sehemu yake nilikuwa naijua wakati ninaifanya.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na ubavuni imeongezwa sehemu yenye chumba, sebule ndogo na choo. Wenyewe walimjengea mama mzazi wa mke, waliyemleta mjini kutoka Same baada ya kufiwa na mumewe. Haikuwa na jiko wala mlango wa nje. Kuifikia, ulipita sebuleni kwa wenyeji, ukakata koridoni mbele ya jiko lao. Umeme ulitoka kwenye mita ileile ya LUKU, maji kwenye tangi lilelile. Mama tulimkuta anachambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akasogeza kiti chake ili futi kamba yangu ipite. Nikapata mita za mraba 34.

Kwa nyumba ya kuishi, njia tunayoitegemea ni ulinganisho: unatafuta nyumba za aina hiyo zilizouzwa jirani, kisha unarekebisha tofauti za kiwanja, ukubwa na hali ya jengo. Nilifanya hivyo, na katika ukubwa nikaziingiza zile mita 34. Kazi ilipaswa kuishia hapo. Lakini barua ya benki ilitaja kiasi cha mkopo kilichoombwa, na thamani niliyoipata haikukifikia. Ndipo nikakumbuka alichosema mwenye nyumba akinisindikiza getini: "Ule upande wa mama hata kupangisha tunaweza."

Nikarudi kwenye hesabu. Chumba na sebule, choo ndani, mtaa ule: shilingi 250,000 kwa mwezi, yaani 3,000,000 kwa mwaka. Nikatoa asilimia 20 ya matengenezo na miezi isiyo na mpangaji, zikabaki 2,400,000. Nikagawa kwa asilimia 8 ili kuyageuza mapato hayo ya mwaka kuwa thamani, nikapata milioni 30. Nikaziweka juu ya thamani ambayo tayari ilikuwa na mita zilezile ndani yake. Kiasi kikafika. Kwenye taarifa nikaandika "sehemu ya kupangisha".

Kuhesabu mara mbili kunaonekana kwa yeyote anayejua kusoma taarifa. Kosa la pili limejificha zaidi, nami naliona baya zaidi. Ile kodi ya 250,000 niliitoa kwenye mabanda ya uani yenye mlango wake, mita yake na njia yake ya kwenda getini. Mpangaji analipia uhuru wa kurudi saa anayotaka, kupika bila kuomba, na kuishiwa umeme kwa matumizi yake mwenyewe. Marekani, ambako nyumba za namna hii huwasumbua sana wathamini, Fannie Mae, shirika kubwa linalonunua mikopo ya nyumba, halihesabu sehemu kama hiyo kuwa makazi ya pili mpaka iwe na pa kukaa, pa kulala, pa kupikia na bafu, na ijitegemee. Upande wa mama yule usingefika hapo. Thamani ulikuwa nayo, ya vyumba vya ziada vya familia, na hiyo nilishaihesabu.

Mkopo ulitolewa. Biashara waliyoikopea haikwenda. Marejesho yalipowaelemea, wale watu waliifungua taarifa yangu wakaona kuna 250,000 za kila mwezi wasizozichukua. Wakamhamishia mama chumba cha wajukuu. Watu wakaja kuangalia, wakafika koridoni, wakaondoka. Hapa ndipo ninapoumia kuliko popote: mtu mzima alitolewa chumbani kwake kwa sababu ya namba niliyoitunga mimi, na namba hiyo haikuleta hata mpangaji mmoja.

Benki ilipotaka kuuza, ilileta mthamini mwingine, naye akaja na thamani ya chini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana, na akiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei za soko za mali ya aina hiyo, huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Baada ya mnada, mke alinipigia simu akiwa ameshikilia kifungu hicho. Taarifa yako inasema hivi, kaka, nyumba imekwenda kwa bei hii, si wametudhulumu? Nilijua kwamba kipimo cha sheria ni soko, na soko lilikuwa upande wa yule mthamini wa pili. Nikamjibu kwamba bei hupanda na kushuka. Nilimdanganya.

Nimeiandika upya hesabu ile, ukurasa mmoja, nikaeleza na jinsi nilivyoifikisha pale ilipotakiwa ifike. Nawapelekea yule dada na mumewe, na nakala kwa benki. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ilianzisha Bodi yenye mamlaka ya kutuadhibu. Wakiamua kunishtaki huko, ukurasa huo wautumie kama ushahidi, nami sitaupinga.