Soko Nililolikana

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeiandika mara nyingi katika insha tangu nikiwa shule ya msingi, na walimu wakanipa alama kwayo, lakini sikuwahi kuiona ikinielekea mimi mwenyewe hadi nilipofika mwaka wa pili chuoni. Msomaji mpendwa, nakuomba uniwie radhi, maana ninayotaka kuyasimulia hapa si ya kujivunia.

Siku hiyo alitutembelea darasani mwanafunzi wa kike kutoka jimbo la Bavaria, Ujerumani. Alikuwa akisoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, na mhadhiri wetu alimwomba atueleze kwa Kiswahili jambo lolote la kwao. Sisi tulitarajia kusikia habari za makasri, viwanda vya magari, au theluji. Yeye alichagua kutueleza habari za soko. Alituonyesha picha za soko la vyakula lililo wazi katikati ya jiji la Munich, liitwalo Viktualienmarkt, akatufafanulia kwamba neno lenyewe limetokana na Kilatini na maana yake ni vyakula tu. Mnamo mwaka wa 1807, alisema, mfalme Maximilian I Joseph aliamuru sehemu ya soko ihamishwe kutoka uwanja mkuu wa mji, kwa kuwa uwanja ule ulikuwa umeshindwa kuwameza wauzaji na wanunuzi. Tangu hapo watu wa Munich wamekuwa wakinunua jibini, mboga, samaki, asali na maua mahali pale. Katika Vita Vikuu vya Pili soko liliharibiwa vibaya. Baada ya vita wakatokea watu waliotaka majengo ya ghorofa yajengwe kwenye kiwanja kile cha thamani, lakini baraza la mji likaamua kulifufua soko. Hata mchekeshaji wao maarufu, Karl Valentin, amejengewa chemchemi yenye sanamu yake hapo, katikati ya vibanda vya mboga.

Alipomaliza alinigeukia, kwa kuwa alikwisha kuambiwa natoka Mombasa. Akaniuliza: "Na kwenu je, ndugu yangu? Mji wenu ni mkongwe kuliko wetu. Bila shaka mna soko la kale."

Nikamjibu: "Lipo moja, lakini si la maana."

Wenzangu wakacheka, naye akacheka kwa adabu, na mazungumzo yakaendelea. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba nimesema uongo, na sababu ya uongo huo nilikuwa naijua vilevile. Niliogopa swali ambalo lingefuata. Niliogopa kuulizwa ni nani kwetu aendaye sokoni, na anakwenda kufanya nini.

Nimelelewa Liwatoni, upande wa kisiwa unaotazama mlango wa Kilindini, na aliyenilea ni nyanya yangu mzaa mama. Nyanya ni mama karanga. Asiyetoka pwani huenda akadhani anauza njugu, sivyo. Mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi, akawatia viungo, akawakaanga kwenye karai na kuwauza kando ya njia. Kwa kazi hiyo Nyanya alilipa karo yangu tangu darasa la kwanza. Daraja la kuelea lililounganisha Liwatoni na Ras Bofu lilipofunguliwa Januari 2021, wakati wa korona, ili kupunguza msongamano wa watu kwenye kivuko cha Likoni, maelfu ya watu walipita kwa miguu karibu na mtaa wetu, na Nyanya alilazimika kuongeza karai la pili. Fedha za karai hilo la pili ndizo zilizoninunulia sanduku na godoro nilipokwenda chuoni. Hata hivyo, katika fomu zote nilizojaza, penye nafasi ya kazi ya mlezi niliandika "mfanyabiashara", na sikuwahi kufafanua zaidi.

Likizo iliyofuata nilimkuta Nyanya akipapasa ukuta. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, na daktari alikwisha kumwandikia tarehe ya upasuaji. Wajomba waliketi wakaamua kwamba sasa apumzike, karai liuzwe. Nyanya aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akaniita.

"Mwanangu, kesho alfajiri utakwenda wewe. Upitie kwanza Mji wa Kale kwa samaki, halafu Marikiti kwa viungo. Niletee mafungu mawili ya tafi, na tewa mmoja wa kadiri. Usiniletee samaki aliyelala. Marikiti unichukulie kibaba cha giligilani na nusu yake uzile, manjano, thomu, ukwaju na tungule. Mwambie umetumwa na mimi."

Niliitikia "Naam, Nyanya", nikaenda kulala. Sikuthubutu kumwambia kwamba katika maneno yale yalikuwamo matatu nisiyoyajua maana yake, ilhali mimi ndiye niliyekuwa nikisomea Kiswahili chuoni.

Alfajiri nilifika kwenye soko la samaki la Mji wa Kale, karibu na bandari ya zamani. Ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, na vyombo vidogo vilivyothubutu kutoka vilikuwa vichache. Samaki wakiwa haba dalali hana haja ya kupaza sauti: mnada ulikwenda haraka, wanunuzi wakiashiria kwa vidole na nyusi, na mimi nimesimama kama mgeni asiyejua lugha. Nilijua ngeli ya neno "samaki" na mjadala mzima wa upatanisho wake, lakini nilipowekewa mbele changu, pono, kolekole na tafi sikuweza kumtambua hata mmoja. Hatimaye nikanunua mafungu mawili niliyoambiwa ni tafi, na mmoja mkubwa niliyeambiwa ni tewa, nikalipa bila kuuliza.

Kutoka hapo nikatembea hadi Marikiti. Jengo lenyewe lilijengwa mwaka wa 1914, likapewa jina la Soko la Mackinnon. Lakini ni nani Mombasa anayesema anakwenda kwa Mackinnon? Watu walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya soko, wakalipachika irabu pale konsonanti zilipobanana na nyingine mwishoni, likawa Marikiti. Jambo hili tumefundishwa darasani kwa mifano ya vitabuni, nami nilikuwa nimesimama ndani ya mfano wenyewe. Mackinnon alibaki kwenye ramani. Marikiti ikabaki midomoni.

Ndani na nje ya jengo hilo mna kila kitu cha jikoni mwetu. Maembe ya ngowe, boribo na apple yamepangwa piramidi. Nazi zipo za kila umri, na kila umri una jina lake: kitale, dafu, koroma, nazi yenyewe. Mahamali wanapita na mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia. Upande wa maduka ya viungo harufu inakupokea kabla hujamwona muuzaji. Hapo ndipo nilipomfikia mzee aliyekuwa akipanga magunia yake, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamtajia orodha yangu. Nilipofika kwenye giligilani nililitamka kwa kusitasita, nikaongeza kwamba silijui. Mzee akachota mbegu kiganjani, akaniwekea puani. Zilikuwa mbegu za dania, ambazo nimezila maisha yangu yote. Uzile nao ukawa ni bizari nyembamba. Nilipomtajia kibaba alitabasamu, akainama chini ya meza akatoa kipimo cha zamani.

"Siku hizi ni kilo na gramu. Anayenitajia kibaba ni mtu mmoja tu, mama wa Liwatoni. Wewe ni nani wake?"

Nikamwambia ni mjukuu wake. Mara uso wake ukabadilika. Akaniuliza habari ya macho yake, akaniuliza tarehe ya upasuaji, akanieleza kwamba Nyanya alikuwa mteja wa baba yake kabla ya kuwa mteja wake yeye. Kisha akanipimia, akanifundisha bila kuombwa: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Baada ya kunipimia akaongeza kiganja kimoja juu, asikubali kukilipisha. "Mpelekee," akasema. "Mwambie mahali pake papo."

Nilipokwenda kwenye mboga nikaomba tungule. Kijana aliyekuwa akiuza, ambaye lafudhi yake ilionyesha ametoka bara, akaniambia hana. Nikamwonyesha kwa kidole. "Ah, hizo ni nyanya!" akasema. Nikakumbuka jinsi Nyanya alivyozoea kututania utotoni: nyanya ni mimi, hizi ni tungule, msije mkanitia mchuzini. Nilicheka peke yangu katikati ya soko, na katika kicheko hicho machozi yakanilenga.

Nilirudi nyumbani jua limepanda. Nyanya aliketi kwenye kibao chake cha mbuzi, akataka kila kitu kiwekwe mbele yake. Viungo alivinusa, akaridhika. Tafi aliwapapasa mmoja mmoja, akabonyeza ubavu, akaingiza kidole mashavuni. Kisha akamshika yule mkubwa. Akanyamaza kidogo.

"Huyu amelala," akasema. "Amelala siku mbili. Umeuziwa macho yako yakiwa wazi, na mimi kipofu ninamwona."

Hakunigombeza. Alinishika mkono akauweka juu ya samaki, akanionyesha nyama inavyobonyea na kubaki chini, kisha akauhamishia juu ya tafi, ambaye nyama yake ilirudi mara moja. Ndipo nilipomwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza katika miaka yote aliyonilea: alijifunza kwa nani? Akaanza kunisimulia. Alijifunza kwa mamake, naye alijifunza kwa mamake, nyakati za daraja la Nyali lililoelea majini, lile lililojengwa mwaka wa 1931 na kutumika hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka wa 1980. Alinitajia majina ya samaki ambayo sijayasikia darasani hata siku moja, akanieleza yupi huliwa kusi na yupi husubiriwa kaskazi. Nilichukua daftari nikaandika mpaka adhuhuri.

Jioni wajomba walipokuja niliwaomba karai lisiuzwe. Sikuwa na hoja ya kiuchumi. Niliwaambia tu kwamba macho ya Nyanya yamekwenda lakini elimu yake haijaenda, na kwamba iwapo atakalishwa ndani, elimu hiyo itakalishwa naye. Baada ya mabishano marefu ikaafikiwa kwamba binamu yangu atakaanga, na Nyanya ataketi kando yake akiwapapasa samaki kabla hawajaingia karaini. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na sasa anaona kiasi cha kutosha kunikemea nikikosea.

Nimelifikiria mara nyingi soko lile la Munich. Sidhani kwamba ukuu wake unatokana na amri ya mfalme, kama ambavyo ukuu wa Marikiti hautokani na jina la Mackinnon. Mfalme aliweza kuhamisha vibanda. Hakuweza kuwafundisha watu kuchagua jibini. Soko ni kongwe kwa sababu ya watu wanaojua, na wanaowafundisha wengine wajue. Kamusi zetu zimehifadhi kibaba, kisaga na pishi, nasi tunazishukuru. Lakini neno lililohifadhiwa kamusini huku halina mtu wa kulitamka sokoni linafanana na samaki aliyelala: umbo lipo, ladha imekwenda. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunasafiri mbali kutafuta data, na wengi wetu tumewaacha nyumbani nyanya na babu ambao hatujawauliza neno.

Niliporudi chuoni yule mgeni alikuwa amekwisha kurejea kwao. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika insha hii. Lipo soko, dada. Linaitwa Marikiti, lilijengwa mwaka wa 1914, na ni la maana sana. Mlezi wangu hununua viungo vyake hapo. Yeye ni mama karanga.

Kabla ya kuileta kwa mhariri nilimsomea Nyanya insha yote. Alisikiliza kwa makini, akanisahihisha mahali pamoja nilipokuwa nimekosea kipimo, kisha akauliza kama yule mzee wa viungo nimemlipa kiganja kile cha ziada. Nikamwambia alikataa. "Basi Jumamosi utampelekea samaki," akasema. "Na mara hii mbonyeze kwanza."